Je, Wajua? Diwani Mwenye Diwani

Arusha mjini, hatua chache kutoka stendi ya mabasi, kuna uwanja wa mpira ambao watu huutumia kama alama ya kupeana miadi. "Nikukute Sheikh Amri," mtu husema kwenye simu, na mwenzake anajua aelekee wapi. Siku moja nilikuwa nje ya ukuta wake namsubiri ndugu yangu, nikanunua karanga kwa kijana mwenye sinia, nikamuuliza huyo Sheikh Amri alikuwa nani. Alifikiri kidogo, akanijibu kwa adabu: "Labda alikuwa mchezaji wa zamani, mzee wangu."

Sikumlaumu. Hata ukutani jina limeandikwa Abeid, ilhali kwenye jalada la kitabu chake ni Abedi. Lakini jibu lile lilinikaa moyoni, maana mtu huyo alikuwa mwalimu wa dini, mshairi, meya, mbunge na waziri, na yote hayo aliyamaliza ndani ya miaka 40. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akafariki Bonn, Ujerumani Magharibi, Oktoba 1964.

Tuanzie Ujiji, kwa sababu watu wengi wakisikia mshairi wa Kiswahili macho yao huelekea baharini: Lamu, Mombasa, Pemba, Tanga. Ujiji iko mwambao pia, ila ni mwambao wa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi. Misafara ya karne ya 19 ilifika hapo, na pamoja na nguo, shanga na chumvi ilileta lugha. Ndiyo Ujiji ileile ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Reli ya Kati ilifika Kigoma, jirani yake, mwaka 1914, miaka kumi kabla Amri hajazaliwa. Kwa hiyo mtoto huyu wa bara alikulia katika mji ambao Kiswahili kilikuwa kimetia nanga kabla ya shule za serikali kuja kukifundisha.

Alisoma Tabora, katika shule ya serikali iliyompitisha Julius Nyerere pia. Na ni huko magharibi alikojiunga na jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo mhubiri wake mkuu Afrika Mashariki, Sheikh Mubarak Ahmad, alikuwa amefika miaka ya 1930 akitokea India ya wakati ule. Kijana Amri akawa mwanafunzi wake na msaidizi wake katika kazi kubwa ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo ilichapishwa Nairobi mwaka 1953.

Je, wajua kwamba haikuwa ya kwanza? Tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1923, na aliyeifanya alikuwa kasisi wa Kianglikana wa Unguja, Godfrey Dale. Na mwaka 1969 Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar alitoa ya kwake, ambayo ndani yake anajibizana waziwazi na maelezo ya Waahmadiyya. Mabishano yale yalikuwa makali, na sina haja ya kuyahukumu hapa. Ninachotaka msomaji akione ni hiki: kabla Amri Abedi hajakalia kiti chochote cha siasa, alikuwa amepita katika kazi ya tafsiri, ambayo humlazimisha mtu kupima kila neno na kulitolea hoja mbele ya watu walio tayari kumpinga.

Mwaka uliofuata, 1954, alitoa kitabu kilichomweka katika kila darasa la ushairi tangu siku hiyo: *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Nusu yake ni kanuni, nusu ni mashairi yake mwenyewe. Anaeleza vina, mizani, mishororo, beti na vituo, na anafanya hivyo kama fundi anayemwonesha mwanagenzi zana zake moja moja. Kwake shairi lilikuwa jambo la kuimbika. Lisiloimbika halikuwa na haki ya jina hilo. Miaka ishirini baadaye washairi vijana walimpinga. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani, mgogoro ukawaka magazetini na vyuoni. Hata hivyo kila upande ulilazimika kurudi kwenye kitabu cha Amri, huu kukitetea, ule kukikosoa.

Sasa hapa ndipo lugha yetu inapocheza mchezo wake mzuri. Diwani ni mkusanyiko wa mashairi. Diwani ni mjumbe wa halmashauri ya mji. Si maneno mawili yaliyogongana kwa bahati. Ni neno moja lililosafiri kutoka Uajemi. Huko lilianza kama daftari la kumbukumbu za serikali, likawa ofisi yenye daftari hilo, likawa baraza la wakuu wanaokaa katika ofisi hiyo, na pembeni likabaki na maana ya daftari lenye mashairi ya mtu mmoja. Waarabu wakalipokea, nasi tukalipokea kwao. Katika pwani yetu lilikuwa na hadhi kubwa zaidi: watawala wa Vumba, karibu na mpaka wa leo wa Kenya na Tanzania, waliitwa madiwani kwa vizazi vingi, na majumbe wengine wa Mrima vilevile. Amri Abedi alikuwa na diwani yake tangu 1954. Ulipofika 1960, yeye mwenyewe alikuwa diwani wa Dar es Salaam, na madiwani wenzake wakamchagua kuwa meya.

Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Inafaa tukumbuke tarehe: Tanganyika haikuwa imepata uhuru. Gavana alikuwa bado Ikulu, bendera ya Uingereza ilikuwa bado mlingotini, na baraza la mji lilikuwa limeendeshwa na Wazungu na Wahindi matajiri. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini si majina ya mzaha. Ulikuwa ndio mpango wa mji, na huduma zilikwenda kwa mpangilio huohuo. Mtu wa Kariakoo au Ilala aliyetaka taa za barabarani au mfereji wa maji safi alikuwa akiomba katika baraza ambalo wengi wa wajumbe wake hawakuwahi kulala usiku mmoja mtaani kwake. Ndipo akaingia mshairi kutoka Ujiji. Uhuru ulipokuja, Desemba 1961, Dar es Salaam ilipandishwa hadhi na kuwa jiji.

Cheo cha meya kina heshima yake ya pekee katika Kiswahili. Mbunge tunamwita Mheshimiwa, lakini meya ni Mstahiki. Nimeyatafakari maneno haya mawili mara nyingi. Mheshimiwa ni yule ambaye wengine wanamheshimu. Heshima inatoka nje yake na inaweza kuondoka. Mstahiki ni yule anayestahili. Desturi ya meya kuvaa joho na mkufu mzito kifuani ilitoka Uingereza, pamoja na wazo la kumwita kwa cheo cha utukufu, lakini aliyechagua neno "mstahiki" kukifasiri cheo hicho alimpa meya mzigo mkubwa kuliko ule wa Kiingereza. Ukivaa mkufu ule, unakiri mbele ya watu kwamba unastahili.

Amri Abedi alitoka Mstahiki akawa Mheshimiwa. Jengo moja la Dar es Salaam linaisimulia safari hiyo vizuri kuliko mimi: Ukumbi wa Karimjee, uliotokana na ukarimu wa familia ya Karimjee miaka ya 1950. Wabunge wa Tanganyika, kisha wa Tanzania, walijadili sheria humo kwa miaka mingi kabla Bunge halijahamia Dodoma. Na madiwani wa jiji nao wana historia ndefu na ukumbi huo. Kutoka halmashauri hadi Bunge hakukuwa na umbali wa miguu. Umbali ulikuwa katika lugha. Sheria zilikuwa za Kiingereza, zimerithiwa kwa Kiingereza, na zilisomwa na mahakimu kwa Kiingereza mbele ya watu ambao hawakuelewa walichohukumiwa nacho.

Mwaka 1963 Nyerere alimteua Amri Abedi kuwa Waziri wa Sheria. Yeye aliyeandika sheria za mashairi sasa alikabidhiwa sheria za nchi, na kazi moja aliyoianzisha ilikuwa kutafuta maneno ya Kiswahili ya kubeba dhana za kisheria. Jaribu mwenyewe uone ugumu wake. Mshtakiwa na mshitakiwa tunabishana hadi leo. Dhamana ni ya polisi au ya benki? Hukumu, uamuzi na amri, lipi ni lipi? Mtu asiyejua tofauti ya "kosa" na "jinai" anaweza kukiri jambo ambalo hakulitenda. Mwalimu wa mizani alikuwa amepata uwanja ambao kukosea neno kunampeleka mtu gerezani.

Mwaka huohuo wa 1963 Rais mwenyewe alitoa tafsiri yake ya kwanza ya *Julius Caesar* ya Shakespeare kwa Kiswahili. Serikali changa yenye uhaba wa madaktari, wahandisi na barabara ilikuwa na rais anayefasiri tamthilia na waziri wa sheria anayehesabu silabi. Wapo watakaosema ulikuwa ni upotevu wa muda. Mimi nasema ndiyo sababu leo mkulima wa Kasulu na mvuvi wa Kilwa wanasikiliza mjadala wa bajeti redioni na kuuelewa bila mkalimani.

Baada ya Muungano wa 1964 alihamishiwa wizara ya maendeleo na utamaduni wa taifa. Hakukaa. Miezi michache baadaye maradhi yalimchukua akiwa Ujerumani.

Hakuwa peke yake katika njia ile. Kizazi chake kilitoa wengine waliopita mlango wa manispaa wakaingia Bungeni, na wawili wa Kenya lazima niwataje, kwa sababu walizaliwa karibu mwaka mmoja naye.

Charles Rubia alizaliwa Murang'a mwaka 1923. Mwaka 1962 akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, na ndiye aliyekuwa na mkufu wa jiji shingoni usiku wa Desemba 1963 bendera ya Kenya ilipopandishwa. Alishika umeya hadi 1967, kisha mwaka 1969 akaingia Bungeni kwa kiti cha Starehe, katikati ya jiji alilolitumikia. Alikuwa waziri pia. Lakini kinachonifanya nimtaje ni mwaka 1986, serikali ilipopeleka Bungeni muswada wa kuondoa kinga ya ajira ya Mwanasheria Mkuu na ya Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali. Bunge zima lilikuwa la chama kimoja, na kupinga kulikuwa na gharama iliyojulikana. Rubia alisimama akapinga, karibu peke yake.

Je, wajua uchaguzi wa mlolongo, uliotumiwa Kenya miaka ile, ulikuwaje? Wapiga kura walijipanga foleni nyuma ya mgombea wao au picha yake, mchana kweupe, wakahesabiwa vichwa. Hakukuwa na karatasi ya kura wala siri. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika mchujo huo wa chama alihesabika amepita bila kupingwa. Rubia aliupinga mfumo huo, na mwaka 1988 ukamtoa Bungeni. Mei 1990 yeye na mwanasiasa mwenzake Kenneth Matiba waliwaita waandishi wa habari Nairobi wakadai vyama vingi hadharani. Tarehe 4 Julai wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila mashtaka, siku tatu kabla ya mkutano wa Kamukunji ambao Wakenya wanaukumbuka kwa jina la Saba Saba. Alitoka mwaka 1991 akiwa mgonjwa, koo limeathirika, sauti imekwaruza. Desemba mwaka huohuo kifungu kilichoifanya Kenya kuwa ya chama kimoja kikafutwa. Aliishi hadi Desemba 2019.

Wa pili ni Mama Grace Onyango wa Kisumu. Mwaka wake wa kuzaliwa ni 1924, sawa na Sheikh Amri. Alikuwa mwalimu, akawa diwani, na mwaka 1965 meya wa Kisumu alipofariki, akachukua mkufu: mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuwa meya. Bunge la Kenya wakati huo halikuwa na mwanamke hata mmoja. Sijakosea kuandika. Kuanzia 1963 hadi 1969, katika nchi iliyopiganiwa na wanawake waliobeba chakula, barua na risasi msituni, Bunge lake lilikuwa la wanaume watupu.

Na uangalie ni mwaka gani aliingia Bungeni. Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali, ukazuka ugomvi mkali kati yake na kiongozi wa upinzani, Oginga Odinga, mbele ya umati, na walinzi wakafyatua risasi. Watu walikufa barabarani. Chama cha Odinga kikapigwa marufuku, Odinga akawekwa kizuizini. Wiki chache baadaye, mji ukiwa bado katika matanga, watu wa Kisumu walipiga kura, na wakamchagua Mama Grace. Katika viti 158 vya majimbo nchi nzima, kimoja tu kilikwenda kwa mwanamke, na kilikuwa hicho. Alikaa Bungeni zaidi ya miaka kumi na akawa mwanamke wa kwanza kukikalia kiti cha Spika kwa muda na kuongoza kikao. Alifariki Machi 2023, akiwa na miaka 98.

Jambo jingine ambalo vijana wengi wa Kenya hawalijui: leo hakuna meya Nairobi wala Kisumu. Katiba ya 2010 iliondoa cheo hicho, na tangu uchaguzi wa 2013 kaunti zinaongozwa na magavana wanaopigiwa kura na wananchi wenyewe. Upande wa Tanzania meya yupo bado, na bado anachaguliwa na madiwani wenzake kama alivyochaguliwa Sheikh Amri. Zaidi ya hapo, mbunge wa jimbo ni mjumbe wa halmashauri ya eneo lake, kwa hiyo Mheshimiwa wa Dodoma anatakiwa arudi nyumbani akae kikao kimoja na madiwani na kuzungumzia mitaro na soko. Lakini kiti cha meya wa Dar es Salaam kimepata misukosuko. Mpango wa madaraka mikoani wa 1972 uliziondoa halmashauri za miji, zikarudishwa 1978. Jiji likawekwa chini ya tume kuanzia 1996 hadi 2000. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, na manispaa ya Ilala ndiyo ikapewa hadhi ya jiji.

Mwezi huohuo wa Februari 2021 kulitokea jambo ambalo nadhani lingemfurahisha Waziri wa Sheria wa 1963. Siku ya Sheria, Dodoma, Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, na sababu aliyoitaja hadharani ilikuwa kwamba jaji huyo ameandika uamuzi wake kwa Kiswahili. Kabla mwaka haujaisha sheria ilikuwa imebadilishwa: Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Takriban miaka 57 ilikuwa imepita tangu kifo cha Sheikh Amri.

Basi narudi kwa yule kijana wa karanga. Ndugu yangu alichelewa, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kumweleza. Alipendezwa zaidi na habari za mizani kuliko uwaziri. Akataka kujua zinahesabiwaje. Nikatunga mshororo palepale, nikauandika pembeni ya karatasi ya gazeti aliyonifungia: *Meya kalivaa joho, mkufu waning'inia.* Nikamwambia kila silabi ni karanga moja, na m ya "mkufu" nayo ina karanga yake, usiinyime. Akasogeza fungu pembeni, akaanza kupanga kwenye sinia huku akitamka polepole: me, ya, ka, li, va, a, jo, ho. Nane. Akaacha nafasi ya koma, akapanga mstari wa pili: m, ku, fu, wa, ni, ng'i, ni, a. Akazihesabu kwa kidole, mara mbili.

"Nane kwa nane," akasema. "Na huyu alikuwa meya?"